MEZANI KWETU: Kiazi Kitamu Katika Mkate wa Heshima

Wiki hii nataka tusafiri kidogo. Twende mbali, upande wa mashariki, mpaka nchi ya Korea. Tuingie jikoni mwa wenzetu wa huko, tutazame chungu chao na mkate wao. Sisemi tuige kila kitu. Lakini mama mwerevu hujifunza hata kwa jirani wa mbali, na mkate nitakaowaeleza leo una jambo ndani yake linalotuhusu sisi sote. Jambo hilo ni chakula tunachokionea haya.

Chakula chenyewe ni kiazi kitamu. Je, ni nyumba ngapi kwetu ambamo viazi huliwa mlango umefungwa? Mgeni akipiga hodi, sahani huondolewa upesi, kana kwamba watu wa nyumba hiyo wamekamatwa wakiiba. Mtoto akipewa kiazi aende nacho shule, hukificha mfukoni, maana wenzake watamcheka. Na siku ya ubatizo au Komunyo ya kwanza ikikaribia, mama hukimbilia dukani kukopa mchele na mafuta, huku nyuma ya nyumba yake matuta ya viazi yamejaa tele. Sherehe hupita kwa siku moja, deni hukaa miezi sita. Basi, tuwatazame Wakorea, tuone wao walikifanyia nini kiazi hicho hicho.

CHUNGU CHENYE MATUNDU

Wakorea ni watu wa mchele tangu kale. Hula wali kila siku kama sisi tulavyo ugali. Lakini zaidi ya wali, hutengeneza mkate wa mchele wauitao "tteok". Aina zake ni nyingi mno. Iko inayotwangwa mpaka ikanata, iko inayofinyangwa kwa mkono, hata iko ya kukaangwa. Lakini iliyo ya kale na ya heshima ni ile ipikwayo kwa mvuke. Haiokwi katika tanuri, wala haitiwi mafuta hata tone.

Chombo cha kupikia huitwa siru. Ni chungu cha udongo, kipana mdomoni, chenye matundu kitakoni. Mama wa Kikorea hutandika kitambaa au wavu wa majani juu ya matundu hayo ili unga usidondoke, akatia unga wa mchele ulio na unyevu kidogo, kisha akakipachika chungu hicho juu ya chungu kingine chenye maji yanayotokota. Mvuke hupanda kwa matundu, ukapenya katika unga, ukauivisha. Na ili mvuke usitoroke pale vyungu viwili vinapokutana, huzungusha ukanda wa donge la unga, akaziba pande zote. Ukanda huo hukauka na kuwa mgumu kama udongo, na baada ya kupika hubanduliwa.

Msidhani kwamba hayo ni mambo ya juzi. Huko Anak, katika sehemu ambayo leo ni Korea ya Kaskazini, kuna kaburi la kale la mwaka 357. Ukutani mwake imechorwa picha ya jiko, na mwanamke amesimama mbele ya siru yake. Zaidi ya miaka 1,600 imepita, wafalme wameondoka, vita vimekuja na kwenda, na mwanamke yule angali anapika.

Katika mikate ya siru, miwili ndiyo ijulikanayo zaidi. Wa kwanza hupangwa tabaka tabaka, unga wa mchele na maharage madogo mekundu yaliyopondwa. Watu wa zamani waliamini kwamba rangi nyekundu hufukuza mabaya. Huo ndio mkate uliogawiwa majirani wakati familia ilipohamia nyumba mpya, na wengine wangali wanafanya hivyo, ingawa katika majengo ya ghorofa ya mijini desturi hiyo imepungua. Wa pili ni mweupe mtupu, hauna kitu ila mchele, chumvi, maji na sukari au asali kidogo. Huitwa "baekseolgi", na weupe wake hufananishwa na theluji.

Mkate huu mweupe ndio wa mtoto atimizapo siku 100. Zamani watoto wengi walikufa wangali wachanga, kwa hiyo mtoto aliyefika siku ya mia alikuwa furaha kubwa kwa wazazi wake. Mkate ulipikwa, ukagawiwa nyumba kwa nyumba. Walisema kwamba ukifika katika nyumba 100, mtoto ataishi maisha marefu. Na jirani aliyeletewa mkate hakurudisha sahani tupu. Aliweka juu yake uzi, mfano wa umri mrefu, au mchele kidogo. Akina mama wa pwani yetu wanajua jambo hilo, maana kwao pia kombe la jirani halirudi tupu.

WAFINYANZI WALIOJIFICHA

Kabla hatujafika kwenye kiazi, yafaa tutazame kidogo mikono iliyovifinyanga vyungu hivyo, maana hapo sisi Wakristo tuna ndugu zetu.

Imani ya Kikatoliki ilianza Korea kwa namna ya ajabu, kwa kuwa haikuanzishwa na mapadre. Watu wa nchi wenyewe walisoma vitabu vilivyotoka China, wakavutwa, na mwaka 1784 mmoja wao, Yi Seung-hun, akabatizwa Beijing, akarudi kwao kuwabatiza wenzake. Serikali ya mfalme haikuvumilia. Mateso makubwa yalikuja mwaka 1801, tena 1839, tena 1846, tena 1866. Padre wa kwanza mzalendo, Mtakatifu Andrea Kim Taegon, alipewa upadre mwaka 1845 na kuuawa mwaka uliofuata.

Wakristo waliookoka walikimbilia milimani. Huko hawakuwa na mashamba mazuri, lakini udongo ulikuwapo, na kuni zilikuwapo. Basi wengi wao wakawa wafinyanzi. Kazi hiyo ilidharauliwa na watu wakubwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewafuata kuwauliza maswali mengi. Tena mchuuzi wa vyungu aliweza kupita kijiji hata kijiji bila kushukiwa, akapeleka habari kwa ndugu zake katika imani. Mitungi ya kuhifadhia vyakula na vyungu vya jikoni vilitoka katika matanuri yao, vikaingia katika nyumba za watu waliowachukia.

Kadinali wa kwanza wa Korea, Stephen Kim Sou-hwan, alizaliwa mwaka 1922 katika jamaa ya namna hiyo. Babu yake alikufa kwa ajili ya imani, na baba yake alikuwa muuza vyungu. Alipewa ukadinali mwaka 1969, na bado alipenda kujiita "Onggi", yaani chungu cha udongo. Na tarehe 6 Mei 1984, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza mashahidi 103 wa Korea kuwa watakatifu, huko huko Seoul. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1964, Mashahidi wetu wa Uganda walikuwa wamepewa heshima hiyo.

Nimeyaleta haya ili tukumbuke kwamba kitu kilichodharauliwa chaweza kubeba heshima. Chungu cha mtu aliyefukuzwa kilipika mkate wa karamu. Na sasa njoo tuone kiazi.

KIAZI CHA MTOTO MWEMA

Kiazi kitamu si mwenyeji wa Korea, kama vile kisivyo mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni Amerika. Kwa meli za Wazungu na za wafanyabiashara kilienea duniani, kikafika China, kikafika visiwa vya kusini mwa Japani, kikapanda polepole kuelekea kaskazini.

Mwaka 1763 mfalme wa Korea alituma wajumbe kwenda Japani, na mkuu wao alikuwa Jo Eom. Njiani walipumzika katika kisiwa cha Tsushima, kilicho kati ya nchi hizo mbili. Huko Jo Eom aliona watu maskini wakila kiazi asichokijua. Akauliza kinavyopandwa na kinavyohifadhiwa, akaandika yote katika kitabu chake cha safari, na akatuma mbegu nyumbani Busan. Aliporudi mwaka 1764 alileta nyingine. Vikapandwa katika sehemu za Busan na katika kisiwa cha Jeju, upande wa kusini kabisa, ambako baridi si kali sana. Yeye alikuwa mtu wa serikali, angeweza kurudi na hariri na panga za thamani, lakini alifikiri juu ya watu wake wakati wa njaa.

Jina lake pia lina mafundisho. Wakorea hukiita "goguma". Neno hilo limetoka katika lugha ya watu wa Tsushima, na maana yake ni kiazi cha kuwaheshimu wazazi. Katika kisiwa kile chenye mawe mengi, mtoto mwema alikuwa yule aliyeweza kuwalisha baba na mama yake wazee kwa kiazi hicho wakati nafaka imekwisha. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Sisi hukiita chakula cha njaa, wao walikiita chakula cha mtoto anayetimiza amri ya Mungu ya kuwaheshimu wazazi, ingawa amri yenyewe walikuwa hawajaisikia.

MAMA ALIYEANDIKA KITABU

Sasa, ni nani aliyethubutu kukitia kiazi cha maskini katika mkate wa heshima? Wengine wangedhani ni mtindo wa siku hizi, wa vijana wanaotaka mapya. La, si hivyo.

Mwaka 1809 mama mmoja wa Korea, Yi Bingheogak, aliandika kitabu kikubwa cha mambo ya nyumbani, kiitwacho Gyuhap Chongseo. Ndani yake mna mapishi, ushonaji, kutia nguo rangi, kilimo, malezi na dawa. Alikiandika kwa herufi za Kikorea, zilizojulikana na wanawake, wala si kwa zile za Kichina zilizotumiwa na wanaume wenye elimu. Na humo mna mkate wa kiazi kitamu. Viazi huoshwa, hukaushwa, husagwa kuwa unga, huchanganywa na unga wa mchele unaonata, kisha hupikwa kwa mvuke katika siru.

Hesabuni wenyewe. Tangu mwaka 1763 hata 1809 ni miaka 46 tu. Bibi aliyekuwa msichana mdogo mbegu zilipofika aliweza kuuonja mkate huo katika uzee wake. Kwa hiyo yule asemaye kwamba kiazi ndani ya mkate wa mchele ni kuharibu mila, na aambiwe kwamba mila yenyewe ilikipokea kiazi zamani, mbele ya macho ya mama mwenye elimu na mwenye nyumba ya heshima.

Kisiwani Jeju habari ilikuwa ya lazima zaidi. Ardhi ya kule ni ya mawe ya volkano, maji hayakai, mpunga haustawi. Mchele ulikuwa kitu cha nadra. Basi watu walikausha viazi, wakavisaga, wakapika mikate ya mvuke kwa unga huo. Na katika visiwa na pwani za kusini walikata viazi vipande vyembamba, wakavianika juani mpaka vikakauka kama vipande vya ubao, vikawekwa akiba ya miezi ya baridi, vikapikwa uji. Wenyewe huviita "ppaettaegi". Mama wa Usukumani akiviona atacheka na kusema, "Mbona hii ni michembe!" Naam, ndugu yangu, ni michembe. Watu wawili wasiojuana, wenye bahari kubwa kati yao, walipewa kiazi kimoja na jua moja, wakafikiri neno moja.

NJAA ILIPITA, KIAZI KIKABAKI

Msifikiri kwamba Korea ilikuwa tajiri siku zote. Baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953 nchi ilibaki majivu. Katika miaka ya 1960 na ya 1970 serikali ya Korea ya Kusini iliwasihi watu wapunguze kula mchele, wachanganye na shayiri. Shuleni walimu walifungua vyombo vya chakula vya watoto, wakatazama kama mama amechanganya nafaka nyingine au ametia mchele mtupu. Hata pombe ya kienyeji ilikatazwa kutengenezwa kwa mchele. Mkate mweupe wa mchele mtupu ukawa anasa, na kiazi kikajaza matumbo ya watoto wengi.

Kisha mambo yakageuka. Mbegu mpya ya mpunga iliyoitwa Tongil ilienezwa katika miaka ya 1970, mavuno yakaongezeka, nchi ikajitosheleza. Mwaka 1970 Mkorea mmoja alikula kama kilo 136 za mchele kwa mwaka. Mwaka 2022 alikula karibu kilo 57 tu, kwa kuwa vyakula vingine vimekuwa vingi. Leo hakuna anayewalazimisha kutia kiazi katika mkate wa mchele. Lakini bado wanakitia, na maduka ya mikate huuza ile yenye vipande vya kiazi cha manjano ndani ya weupe wa mchele, nayo hupendwa. Zamani alikila asiyekuwa na kingine. Sasa anakila mwenye kuchagua. Kiazi hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jicho la mlaji.

NAMNA YA KUUPIKA

Haya, akina mama, funga kanga kiunoni. Vitu vitakiwavyo ni hivi: mchele nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko vitano vya mezani, viazi vitamu robo kilo, na maji kidogo. Basi, hakuna hamira, hakuna tui, hakuna mafuta.

Loweka mchele usiku kucha. Asubuhi umwage maji, uuache juu ya ungo nusu saa ujichuje. Uutwange katika kinu pamoja na chumvi, uuchekeche, makapi uyarudishe kinuni. Angalieni hapa, maana ndipo mkate huu unapotofautiana na vitumbua na mkate wa kumimina. Kwa hivyo viwili twasaga mchele na maji hata uwe ujiuji. Huu hautaki uji. Wataka unga wenye unyevu tu, unaomwagika kati ya vidole.

Viazi vina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya vipande. Chagua kiazi cha unga, kile kikavu, si cha majimaji. Kimenye, kikate vipande vidogo kama punje kubwa za mahindi, uvinyunyizie sukari kidogo. Vipande hivi utavichanganya na unga mwishoni. Njia ya pili ni ya kuponda. Pika kiazi kwa mvuke, kimenye, kiponde kingali na moto, kiache kipoe, halafu ukisugue pamoja na unga kwa viganja vyako mpaka rangi iwe moja, uchekeche. Kwa njia hii viazi lishe vyafaa sana, vile vya rangi ya chungwa, maana mkate hupata rangi nzuri, na mtoto hupata vitamini A, ambayo mchele mweupe hauna, nayo ni ulinzi wa macho na wa mwili mzima. Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na wenzake watatu, kwa kazi yao ya vyakula vyenye lishe zaidi, na yeye kazi yake ilikuwa kiazi hicho. Ikiwa wakubwa wa dunia hawakukionea haya kiazi, mbona sisi?

Sasa jaribu unyevu. Fumba unga konzi moja, ukaze, kisha ufumbue. Lirushe donge hilo juu kidogo na kulidaka kiganjani mara mbili au tatu. Likivunjika, unga ni mkavu, nyunyiza maji kijiko kimoja, usugue tena, ujaribu tena. Lisipovunjika, unyevu watosha. Likinata mkononi, maji yamezidi, na mkate utakuwa mzito. Aliyeponda kiazi asikimbilie maji, maana kiazi chenyewe kina maji yake. Ajaribu kwanza.

Chekecha mara mbili tena ili hewa iingie. Kazi ya hamira katika mkate huu hufanywa na chekeche. Sukari utie mwisho kabisa, wakati maji yamekwisha kuchemka, kwa kuwa ukiitia mapema huyeyuka na kufanya madonge.

Ikiwa huna siru, na sisi hatuna, tumia sufuria kuukuu iliyotobolewa kitakoni kwa msumari, matundu mengi madogo. Iwe na ukubwa wa kukaa vema juu ya sufuria nyingine yenye maji. Maji yasifike kwenye matundu. Tandika kitambaa safi kilicholowekwa na kukamuliwa, unyunyizie sukari kidogo juu yake ili mkate usigande. Mimina unga taratibu, uusawazishe kwa ubapa wa kisu, lakini usiushindilie hata kidogo. Unga ulioshindiliwa hauna njia ya mvuke, na katikati utabaki mbichi. Ukitaka vipande vyenye kingo nzuri, pitisha kisu sasa kabla ya kupika.

Pachika sufuria pale tu mvuke unapotoka kwa nguvu. Ziba maungio kwa ukanda wa donge la unga wa ngano kama wafanyavyo Wakorea. Mfuniko uuzungushie kitambaa, ili matone ya maji yasirudi juu ya mkate. Moto uwe mkali kwa dakika 25. Kisha choma kwa kijiti chembamba. Kikitoka bila unga mbichi, ondoa motoni, uache umefunikwa dakika tano zaidi. Ufunuapo, geuza uso wako pembeni na watoto wakae mbali, maana mvuke huunguza vibaya kuliko maji.

Mchele wetu mwingi ni wa punje ndefu, haunati kama wa Korea, kwa hiyo mkate wetu ukiwa wa mchele mtupu huwa mwepesi kumeguka. Hapo kiazi husaidia tena. Kile kilichopondwa huushika unga pamoja na kuulainisha, hata mzee asiye na meno huula bila taabu. Uliwe siku ile ile, maana ukilala hukauka. Ukibaki, urudishe kwenye mvuke dakika chache.

JE, SI KUPUNGUZA HESHIMA?

Najua wako watakaosema, "Mgeni akiona kiazi atadhani tumefilisika." Na bibi mmoja atasema, "Kitu cha sherehe kisiguswe, kibaki kama tulivyokipokea."

Maneno ya bibi nayaheshimu. Si kila kiongezwacho chafaa. Mkate ule ukitiwa mafuta na kuokwa, si mkate ule tena. Lakini tazameni Wakorea waliongeza nini na waliacha nini. Mchele waliuacha. Mvuke waliuacha. Kazi ya kuloweka, kutwanga na kuchekecha waliiacha. Na zaidi ya yote, kugawa waliacha kuwe vile vile, mkate utoke jikoni uende kwa jirani. Walichoongeza ni kile ambacho Mungu aliwapa shambani. Nyongeza ya namna hiyo haiui desturi. Huipa nguvu ya kuingia hata katika nyumba ya maskini, ili mtoto wake naye apate mkate wa siku yake.

Na huyo mgeni wa kwanza, anayeogopa kuonekana maskini, namwuliza hivi: karamu ni nini? Kama ni kuonyesha watu tulichonacho, basi wali wa mkopo hauonyeshi tulichonacho, waonyesha tulichonacho deni. Lakini kama karamu ni kushukuru na kuwagawia wenzetu, basi kitu cha shamba letu, kilichooshwa vizuri, kikapikwa kwa bidii, kikatolewa katika sahani safi, kina heshima kuliko nyama iliyonunuliwa kwa aibu. Baba wa nyumba, hapa nawe una neno la kusema. Usimlaumu mkeo kwa kupika viazi siku ya sherehe, halafu ukamlaumu tena mwenye duka ajapo kudai.

Wakorea wana methali isemayo kwamba mkate wa mchele ulio mkononi mwa mwenzio huonekana mkubwa kuliko wako. Na sisi wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali mbili, nchi mbili, ugonjwa mmoja wa macho.

Basi, wiki hii jaribuni, hata kwa robo kilo ya mchele kwanza. Wape watoto kazi ya kuchekecha, wataipenda. Na mkate ukitoka, kata kipande cha kwanza umpe mzee wa nyumba, baba au mama, babu au bibi, ili kiazi kitimize jina lake. Cha pili kipeleke kwa jirani, mlango ukiwa wazi, tena mchana. Na mtoto aendaye shule, mfungie chake katika kitambaa safi, umwambie mkate huu umetoka katika nyumba za watu wenye heshima tangu mwaka 1809. Nadhani hatauficha mfukoni.

Mungu azibariki meza zenu na mikono ipikayo. Kwaherini hadi wiki ijayo.

Mama Mwenzenu